Bimkubwa wa Mashuka na Vurugu Zake

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na sita, ndipo dhiki yangu ilipoanza. Mambo ya mwaka ule wengine wamekwisha kuyaeleza, wenye elimu zao. Mimi nitasema moja tu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kule Ng'ambo, Unguja, ambaye kila asubuhi alikuja kumwomba mama kaa la moto la kuwashia jiko lake, aliingia mchana kweupe na wenzake wawili wakabeba cherehani yetu. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Samahani, dada." Ile samahani ilinifundisha kuliko skuli. Skuli yenyewe niliishia darasa la nne. Tangu siku ile mtu akinichekea natazama kwanza mikono yake imeshika nini.

Nayaeleza haya ili msomaji ajue kwa nini nilimtilia shaka mwanamke nitakayemweleza hapa. Simwombi radhi mtu kwa shaka yangu. Imenilea.

London nililetwa mwaka 1971 na familia ya Kihindi niliyokuwa nikiilelea watoto Dar es Salaam. Walihamia Kenton, pembezoni mwa London, wakanichukua. Watoto walipokua tukaachana kwa wema, nikapata kazi katika hoteli moja kubwa ya katikati ya mji, na chumba cha kulala juu kabisa, chini ya paa, pamoja na wafanyakazi wengine wa kike. Ukipoteza kazi umepoteza na kitanda. Hilo tulilijua sote, wala hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Nilipelekwa chini ya ardhi, kwenye stoo ya mashuka. Huko ndiko nilikomkuta yeye. Alikuwa Mhispania, mnene wa kiuno, mwembamba wa miguu, nywele kazifunga nyuma kwa utepe mweusi. Jina lake nalijua, na siliandiki. Mimi nilimwita Bimkubwa kwa sababu ndivyo nilivyozoea kumwita mwanamke aliyenizidi umri na madaraka. Akauliza maana yake, nikamwambia, akasema, "Endelea." Muda si mrefu stoo nzima wakamwita hivyo, hata yule mama wa Kiailandi aliyekaa pembeni akitia viraka.

Tulikuwa wanawake wanne mle ndani: Bimkubwa, huyo Muailandi, mimi, na msichana mmoja wa Kireno aliyekuwa akisukuma vikapu, hasemi na mtu. Kazi yetu ilikuwa kupokea nguo kutoka kwa dobi, kuzikagua, kuzishona zilizochanika, kuzikunja, kuziweka kwenye rafu, na kuzitoa kwa wasafisha vyumba kila asubuhi. Kwa maneno mengine, ilikuwa kazi ya kuweka mambo sawa. Nami nikakuta stoo ambayo hakuna kilicho sawa.

Nakumbuka siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikaangalia. Mashuka ya vitanda vikubwa yamelaliana na ya vitanda vidogo. Foronya zimeingia kwenye rafu ya taulo. Kulikuwa na rundo katikati ya chumba lililofika kifuani, na juu ya rundo kikombe cha kahawa.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Naangalia pa kuanzia."

Akacheka. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu. Hapa nakiandika kwa Kiswahili kilichonyooka, la sivyo tutakesha.

"Hii inaitwa lío," akasema, akapiga rundo kwa kiganja. "Jifunze neno hilo. Ukiulizwa na meneja kwa nini umechelewa, mwambie lío."

Lío, akanieleza, kwanza ni furushi. Unatandaza shuka chini, unatupia vyote ndani, unafunga pembe nne. Ndipo likawa neno la jambo lolote lililofungana usijue ncha iko wapi. Niliona ni neno la haki. Lakini nilijiuliza, mtu wa kazi ya kunyoosha anafundishaje neno la kufungana kabla ya neno la asubuhi njema?

Yeye alikuwa na neno kwa kila aina ya vurugu, na hakukubali ulitumie moja mahali pa jingine. Uzi uliosokotana ulikuwa maraña. Kikapu chenye taulo, foronya na soksi ya mgeni kilikuwa revoltijo. Chumba kilichoachwa na wageni wa harusi kilikuwa patas arriba, miguu juu, kama ng'ombe aliyeanguka. Nyumba ya mtu mvivu ilikuwa manga por hombro, yaani mkono wa kanzu umetupwa begani badala ya kuvaliwa. Kantini yetu saa ya chakula ilikuwa chungu kilichojaa nyenje. Na mtu akijitia katika jambo lisilo na njia ya kutokea, basi kaingia berenjenal, shamba la mabilingani. Nikamwambia kwetu mabilingani yapo na hakuna aliyepotelea humo.

"Umewahi kuingia na sketi ndefu?" akaniuliza.

Nikafikiri. Ni kweli, bilingani lina miiba midogo kwenye kikonyo. Ukiingia na kanga inakamata hapa, unanasua, inakamata pale.

"Basi," akasema. "Usibishe na mtu aliyelima."

Kulikuwa na droo mezani kwake ya vifungo, ndoano, vipande vya utepe, sindano zilizovunjika, na meno mawili ya bandia ya mgeni asiyejulikana. Hiyo aliiita cajón de sastre, droo ya fundi cherehani. Ndilo neno alilolipenda. Alisema hiyo si vurugu ya aibu. Kila fundi wa kweli anayo droo moja kama hiyo, na anayeipanga hana kazi ya kufanya.

Mimi nami sikukubali kuwa mpokeaji tu. Nikampa vurugu, fujo, ghasia, tafrani, zahama, mkorogo, mparaganyo. Alizirudia kama mtu anayeonja vyakula vya ugenini, kwa ncha ya ulimi. Nilipofika kwenye shaghalabaghala aliacha kukunja taulo.

"Sema tena."

Nikasema.

"Hilo linafanana na kitu chenyewe," akasema. Kuanzia siku hiyo alilitumia kila alipopata nafasi, mara nyingine pasipohitajika. Muailandi aliletewa chai baridi akaambiwa ni shaghalabaghala.

"Lugha yenu ina maneno mengi ya fujo," aliniambia. "Nyinyi ni watu wa ovyo?"

"Kama nyinyi."

"Sisi ni watu wa ovyo sana," akajibu, na wala hakuona haya.

Lipo neno moja hakunifundisha. Nililipata kwa mtumishi wa mezani, Mhispania mwenzake, kijana mwenye mafuta mengi kichwani, aliyelisema huku akinitazama jicho la upande ajue nitafanya nini. Kwao, mahali penye fujo kupita kiasi, kila mtu anajichukulia, panaitwa chai ya alasiri ya watu weusi. Nilishuka stoo nikamsimamia Bimkubwa mbele.

"Kuna neno umenificha."

Hakuuliza lipi. Alifungua koki ya pasi akatoa mvuke, akaifunga.

"Lipo," akasema. "Mama yangu alilitumia kila Jumapili kwa sababu ya ndugu zangu. Sikulileta humu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu upo wewe."

"Na kabla sijaja?"

Hapo hakujibu. Nilimheshimu kwa kutokujibu, maana angeweza kudanganya. Nikamwambia, "Siku moja uje Unguja uone chai ya alasiri inavyoandaliwa. Kila kikombe na kisahani chake, na hakuna anayenyoosha mkono kabla ya mkubwa." Akasema atakuja. Hakuja, nami sikumtarajia. Lakini sikumsikia akilisema, wala yule kijana hakulirudia mbele yangu.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alituzuia kuegemea marundo ya mashuka, ati yanajikunja, na yeye mwenyewe baada ya chakula alilala juu yake dakika kumi, mdomo wazi. Kanisani alikwenda kila Jumapili, na Jumatatu matusi yake yalimfanya Muailandi afanye ishara ya msalaba. Aliwacheka Waingereza kwa kupenda kupanga foleni, lakini ukimpita kwenye foleni ya basi ungejuta. Lifti hakupanda, alisema chombo kinachofunga mlango chenyewe hakina nia njema. Hapo tulikuwa kitu kimoja. Nami hupanda ngazi mpaka leo, na magoti haya.

Sasa nije kwenye shaka.

Miezi ya mwanzo nilidhani vurugu ya stoo ni uzembe. Halafu nikamwona. Ilikuwa mchana, mimi nimetoka kufuata uzi, nikarudi mapema. Bimkubwa alikuwa amesimama mbele ya rafu niliyoipanga asubuhi, mashuka ya vitanda vikubwa, kunjo kwa kunjo, pindo zote zimetazama upande mmoja. Nimejifunza unadhifu kwa kushona kofia tangu nina miaka tisa, vitobo vyangu vilikuwa sawasawa kama vimepigwa na mashine, basi na rafu zangu zilikuwa hivyo. Akaingiza mkono katikati akavuta. Rundo lote likaanguka. Akachukua foronya kadhaa akazirusha juu yake, kama mpishi anavyomalizia chumvi. Halafu akaenda kuketi.

Nilirudi nyuma taratibu nikaingia tena kwa kishindo.

"Ah," akasema, "tazama. Limeanguka. Lío."

Moyoni nikasema, huyu ni mwizi. Mtu anayechafua kwa makusudi anaficha idadi. Kila mwezi meneja, Mwingereza mrefu mwenye kikohozi, alishuka na karatasi kutaka hesabu ya mashuka, na kila mwezi Bimkubwa alifungua mikono kuelekea lile rundo akasema, tupe wiki moja zaidi, na watu wote wanne uliotupa, kwa maana unaona mwenyewe. Meneja alitazama, akakohoa, akapanda. Na Muailandi pembeni hainui kichwa, anatia kiraka kilekile alichokuwa akikitia jana.

Huyo Muailandi nimweleze kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na minane hivi, mjane, chumba chake kilikuwa karibu na changu chini ya paa. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayeshika kikombe. Shuka ambalo mimi nilimaliza kwa robo saa, yeye lilimchukua asubuhi nzima. Niliona, lakini sikuliunganisha na lolote. Niliona pia kwamba yeye na Bimkubwa wanazungumza kwa macho. Nikawaweka wote katika kapu moja. Wizi wa watu wawili.

Mwaka wangu wa pili, dada yake Bimkubwa alifariki kwao, akaenda kuzika. Siku tano. Aliniachia funguo mimi. Aliniwekea mkononi akazifumbata kwa vidole vyangu, akasema, "Usifanye kitu. Toa mashuka, pokea mashuka. Kilichopo kiache."

Mtu aliyenyang'anywa cherehani akiambiwa kilichopo kiache, anasikia nini? Nilisikia, usitazame.

Nikatazama. Nilianza siku ileile. Nilimwamrisha Mreno asukume vikapu nje, nikabomoa rundo la katikati, nikatoa kila rafu mpaka mbao zikaonekana. Muailandi aliweka sindano chini.

"Usipange, mwanangu," akasema.

"Kwa nini nisipange?"

"Yeye anajua ilivyo."

"Hilo ndilo linalonisumbua."

"Iache," akasema tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mikono kaiweka mapajani, mmoja kaufunika kwa mwingine. Mimi nilidhani ni hofu ya mwizi. Nikaendelea.

Siku ya nne stoo ilikuwa imenyooka. Kila aina na rafu yake, nimeshona alama ya uzi wa rangi kwenye kipande cha kitambaa mbele ya kila rafu, nyekundu kwa vitanda vikubwa, buluu kwa vidogo, kijani kwa foronya, ili hata mtu asiyejua kusoma aende moja kwa moja. Nikahesabu mashuka yote nikalinganisha na karatasi ya meneja. Hakuna hata moja lililopungua. Yalikuwa yamezidi mawili.

Nilikaa juu ya kikapu. Nilitaka sana nimkute mwizi, na sikumkuta. Hapo ndipo ningefikiri vizuri, kama meneja asingeshuka wakati uleule.

Alisimama mlangoni, hakukohoa hata kidogo. Akapita rafu hadi rafu. Akagusa alama zangu za uzi.

"Nani kafanya haya?"

Ningeweza kusema sote. Nikasema, "Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nilijua kichwa changu kimeinuka nilipolijibu hilo. Alinipongeza kwa jina, mara ya kwanza mtu wa juu kulitamka jina langu bila kuliumiza. Halafu akageuka akatazama chumba kizima, safi, kimya, akamtazama Mreno, akamtazama Muailandi na lile shuka lake moja mapajani. Akaniuliza kazi ya namna hii, ikiwa imepangwa hivi, inataka watu wangapi. Nami, barabara kabisa, mtu wa darasa la nne anayeulizwa rai yake na meneja, nikasema, "Watatu wanatosha."

Barua ya Muailandi ilifika kabla Bimkubwa hajarudi. Alipewa wiki moja kuacha kazi na chumba.

Bimkubwa aliingia Jumatatu asubuhi na nguo nyeusi za msiba. Alisimama palepale niliposimama mimi siku yangu ya kwanza. Niliona macho yake yakienda rafu hadi rafu, kisha kwenye kona, kwa Muailandi, ambaye alikuwa amekunja aproni yake vizuri na kuiweka juu ya kiti.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikwenda ofisini kwa ngazi, akarudi baada ya muda, uso mwekundu. Akavuta rafu nzima ya vitanda vikubwa ikaanguka. Akavuta ya pili. Rafu ya tatu aliishika akaiacha, kwa sababu meneja alikwisha kuiona sakafu, na mtu akishaiona sakafu huwezi kumwambia haipo.

Akaja akaketi karibu nami.

"Nikufundishe la mwisho," akasema. "Kuna vurugu inayompata mtu. Hiyo ni ya mpumbavu, na sisi sote ni wapumbavu siku moja moja. Na kuna vurugu unayoisimamisha, kama mtu anavyosimamisha hema. Unatia nguzo, unavuta kamba. Kwetu neno la kusimamisha hema ndilo hilohilo la kusimamisha vurugu. Ile niliisimamisha mimi. Ilinichukua miaka mitatu."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Yeye alijua jibu na mimi nilijua.

"Yule asingeweza kushona mwaka mwingine," akasema. "Alihitaji mwaka mmoja na nusu afike umri wa pensheni. Mwaka mmoja na nusu wa fujo, basi."

Muailandi aliondoka Ijumaa. Alinipa mkono, ule mkono uliojikunja, akasema stoo imependeza. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililonikaa. Tulisikia alikwenda kwa mpwa wake kaskazini. Zaidi ya hapo sijui. Mwezi uliofuata meneja alinifanya msaidizi wa Bimkubwa, nikakubali. Sitajipamba hapa kwa kusema nilikataa.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita mingine. Alinifundisha kila kitu: madoa, wanga, hariri, namna ya kujua kwa harufu kwamba dobi kapunguza sabuni. Sikuomba radhi, naye hakudai. Lakini funguo hakuniachia tena, na alipokuwa akienda likizo alizichukua mpaka Hispania. Kuhusu shaka, sitasema iliisha. Siku moja aliniita nyumbani kwake chai, nikaona mapazia yake ni meupe, mazito, yenye maua yaliyofumwa ndani kwa ndani, na nikajiuliza nimeyaona wapi. Nikanywa chai yangu.

Nilipoondoka kufungua duka langu la dobi na kushona, Kenton, tukapoteana. Yeye alistaafu. Mimi nilifanya kazi. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Kigujarati waliozaliwa Kampala, Kisumu au Dar, wanaoleta sari wakaanza kubishana nami kwa Kiswahili kabla hawajaziweka juu ya kaunta. Duka langu limenyooka. Mtu yeyote wa Kenton atakwambia.

Miaka kumi na tano hivi iliyopita, mchana wa Jumanne, mlango ulilia na akaingia bibi kizee na fimbo na mfuko mkubwa. Kiuno kilikuwa kimepungua, miguu ni ileile. Nilimjua kabla hajasema.

"Shaghalabaghala," akasema.

"Bimkubwa."

Nikazunguka kaunta, tukakumbatiana. Binti yangu aliyekuwa kwenye mashine ya risiti alituuliza kwa Kiingereza kulikoni, nikamwambia huyu ndiye aliyenifundisha kazi, amsalimie. Akamsalimia kwa Kiingereza. Watoto wetu ndivyo walivyo.

Bimkubwa alimwaga mfuko juu ya kaunta. Mapazia. Nikashika pindo moja nikalipindua, na pale kwenye kona palikuwa na alama ndogo ya uzi wa manjano, alama ya ukumbi wa chakula wa hoteli. Vitambaa vya meza.

"Kumbe uliiba," nikasema.

"Ulihesabu mashuka," akajibu. "Vitambaa vya meza hukuhesabu."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Miaka yote ile nilijilaumu kwa kumshuku, na kumbe hema lake lilikuwa na vyumba viwili.

"Vingapi?"

"Madirisha yangu ni machache," akasema. Basi.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kutazama duka. Nilimjua anavyotazama. Rafu, reli za nguo, droo zenye majina. Kisha watu. Binti yangu. Kijana wa Kisomali kwenye pasi. Na nyuma, kwenye meza ya kushona, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa nami tangu duka linafunguliwa. Alikuwa amefunga mkono wake wa kulia bandeji, kifundo kilikuwa kinamuuma miezi mingi. Upande wa suruali aliokuwa akiupinda alikuwa ameanza nao asubuhi.

"Nani anaondoka?" Bimkubwa akauliza, si kwa sauti kubwa.

"Nani kakwambia kuna anayeondoka?"

"Pamenyooka mno."

Barua ya yule mama wa Mombasa ilikuwa kwenye droo chini ya kaunta, imekunjwa mara tatu. Nilikuwa nimepanga kuitoa Ijumaa. Nilikuwa nimejieleza mwenyewe vizuri sana: biashara ni biashara, wawili wanatosha. Nilipoyafikiria maneno hayo mbele yake niliyasikia kwa sauti ya zamani, sauti yangu mimi, nikiwa na miaka thelathini, kichwa kimeinuka.

Bimkubwa hakungoja nijibu. Aliinuka kwa fimbo, akapita mpaka nyuma bila kuomba ruhusa, akafungua droo zangu za vifungo. Vilikuwa vimepangwa kwa rangi, ndani ya rangi kwa ukubwa, ndani ya ukubwa kwa mashimo mawili na manne. Akavuta droo ya kwanza akaimwaga mezani. Akavuta ya pili akaimwaga juu yake. Ya tatu, ya nne. Akakoroga kwa kiganja.

Mama wa Mombasa alinitazama. "Dada, huyu bibi ana nini?"

"Mwache," nikasema.

"Kazi ya mtu mmoja tu," Bimkubwa aliniambia, akikung'uta kiganja, "wa kukaa, kwa mkono mmoja. Itamchukua muda."

Nikamwambia mama wa Mombasa, "Habibty, weka hiyo suruali. Naomba unichagulie vifungo. Pole pole, hakuna haraka." Alinitazama tena, kwa muda mrefu zaidi, na nadhani alielewa kuliko nilivyotaka aelewe. Akavuta kiti, akaanza na vyeupe kwa mkono wa kushoto.

Mapazia niliyafua na kuyanyoosha mwenyewe. Bimkubwa aliyafuata wiki iliyofuata, akatazama kwanza nyuma ya duka kabla ya kutazama kazi. Akaondoka kwa miguu, hakutaka teksi. Mwaka uliofuata mtoto wa dada yake alinipigia simu kunieleza kuwa amekwisha kuzikwa, kwao. Sikupata kwenda.

Mtu wa umri wangu akiulizwa alichovuna, aseme. Ninacho hiki: duka moja Kenton, la kwangu. Nyumba ya kuchangia ukuta mmoja na jirani, kule Harrow, vyumba vitatu, bustani nyuma na jua kidogo. Mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, pasi tatu za mvuke. Cherehani tano, na moja ya sita ya mkono, nyeusi, inayofanana na ya mama, ambayo haiguswi. Kitambaa kimoja cha meza chenye uzi wa manjano kwenye kona, nilichoachiwa na Bimkubwa kwenye mfuko pamoja na risiti. Wafanyakazi watatu, kazi ya wawili. Na droo nne za vifungo, ambazo kila zinapokaribia kupangika nawahi asubuhi kabla watu hawajafika, nazimwaga mezani, nakoroga kwa kiganja.